Hifadhi ya ardhioevu kwa basi: mchukue njia ipi na mfike saa ngapi

Swali la dada mmoja nalifupisha hivi: hana gari, kuna hifadhi ya ardhioevu kando ya bahari ambayo basi linapita karibu, anataka kwenda Jumamosi na mama yake ambaye magoti yanamsumbua pamoja na mtoto wa miaka 7. Ramani ya hifadhi inaonyesha njia tatu, ya mbao ndani ya mikoko kama kilomita 1, ya kuzunguka mabwawa kilomita 5, na ya kwenda kwenye mnara ukingoni mwa matope, kilomita 3 kwenda tu, kurudi nyingine 3. Basi ni moja kila saa, la mwisho linaondoka saa 11 jioni. Anauliza wachukue ipi, wafike saa ngapi na wavae nini.

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ndo nieleze. Njia ya mbao, yote, taratibu, halafu kama mama bado ana nguvu mpande kwenye tuta la mabwawa mpaka kibanda cha kwanza cha kutazamia ndege, mkae hapo, mrudi njia mliyojia. Mzunguko wa kilomita 5 achaneni nao siku hiyo, na mnara vilevile. Na jingine ambalo hukuuliza ila ndo linaamua kama mtaona kitu au mtarudi mnasema "mbona hamna ndege": msianze na ratiba ya basi. Anzeni na maji, basi mtalichagua baadaye.

Manake hivi. Ndege wengi wa pwani, akina sululu na vitwitwi, wanakula kwenye matope yanayobaki wazi maji yakikupwa. Matope yakiwa wazi kilomita nzima kuelekea baharini, ndege nao wako huko mbali, wewe unaona vidoti vinatembea na hata ukiwa na darubini nzuri ni kujisumbua tu. Maji yakianza kujaa yanawasukuma, wanarudi nyuma kidogo kidogo mbele ya ukingo wa maji, wanakaribia nchi kavu, na matope yakishafunikwa kabisa wanakuja kupumzika kwenye vichanga, kwenye kingo na ndani ya mabwawa, yaani palepale ambapo vibanda vimejengwa. Aliyejenga kibanda pale hakukosea, alijua ndege wanakuja hapo maji yakijaa. Kwa hiyo muda wenu ni kama saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa mpaka saa mbili baada ya hapo. Nje ya hapo mtafurahia mikoko na hewa, ila ndege ni bahati.

Sasa shida ni kwamba maji hayafuati kalenda ya wikiendi. Sehemu nyingi za dunia bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika kama 50, kwa hiyo kila siku inachelewa karibu dakika 50. Piga hesabu ya wiki nzima utapata karibu saa sita. Maana yake Jumamosi hii maji yakijaa saa 5 asubuhi, Jumamosi ijayo saa 5 hiyohiyo yatakuwa yamekupwa, na Jumamosi ya tatu yanarudi kujaa mida ileile. Ndo maana utasikia mtu anasifia sehemu kwamba ndege wamejaa, mwenzake anaenda wiki inayofuata basi lilelile saa ileile anakuta tope tupu na anadhani amedanganywa. Fungua jedwali la maji la bandari iliyo karibu, angalia Jumamosi yako, kama kujaa kunaangukia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana nenda, kama kunaangukia alfajiri na jioni sogeza wiki moja mbele. Hakuna unachopoteza zaidi ya kusubiri. Kumbuka tu kwamba saa za jedwali ni za bandarini, hifadhi ikiwa ndani ndani ya mkono wa mto au hori maji yanaweza kuchelewa kufika, pengine nusu saa, pengine zaidi, wahudumu wa getini wanajua tofauti hiyo kwa kichwa, waulize.

Angalia na mwezi pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo wakati wa bamvua, maji yanapanda juu sana na kushuka sana, na wakati wa nusu mwezi ni maji mafu, tofauti ni ndogo na matope mengine hayafunikwi hata maji yakijaa, kwa hiyo ndege hawalazimiki kusogea karibu. Kwa kutazama ndege mimi napendelea siku za bamvua, kwa kutembea na mtu mwenye magoti mabovu nisingeangalia kigezo hicho peke yake, nitarudi kwenye hili chini nikifika mnarani.

(Kwa wengine mnaosoma ambao hifadhi yenu ni ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye matete na mafunjo, habari ya kujaa na kupwa haiwahusu. Kwenu ni asubuhi na mapema au jioni, na msimu: bwawa likifurika ndege wenye miguu mifupi hawana pa kusimama, likipungua mpaka kingo za matope zionekane ndo wanamiminika.)

Tuje kwenye njia, kwa nini nasema msizunguke. Hifadhi nyingi za aina hii, hata zinazoonekana pori la asili kabisa, ni kazi ya mikono ya watu. Sungei Buloh kule Singapore yalikuwa mabwawa ya kufugia kamba, watazama ndege wakagundua mwaka 1986 kwamba ndege wahamaji wamejaa pale, ikafunguliwa kama mbuga mwaka 1993 na kuwa hifadhi kamili mwaka 2002. Mai Po ya Hong Kong, hivyohivyo, mabwawa ya kamba. London Wetland Centre iliyofunguliwa mwaka 2000 imechongwa kutoka kwenye mabwawa manne ya kuhifadhia maji ya mji ya enzi za Malkia Victoria. Faida yake ni kwamba kwenye mabwawa ya kamba kuna malango ya kufungia maji, wenye hifadhi wanatoa maji ya ndani bahari ikikupwa, wanafunga malango ili yabaki chini wakati bahari nje imejaa, na ndege wakikosa matope kule wanaingia huku. Hasara yake kwa mtembeaji ni hii: njia inapita juu ya tuta, na tuta lina maji kushoto na maji kulia. Hakuna mkato. Ukishafika nusu ya mzunguko, kurudi ni kilomita 2 na nusu na kuendelea ni kilomita 2 na nusu, mama akisema goti limegoma hapo ndipo mlipo, hakuna gari litakalowafuata, hakuna kivuli, na mara nyingi hakuna choo mpaka getini. Watu wanasoma "kilomita 5, tambarare" wanafikiri ni rahisi. Ni tambarare kweli, ila tuta la udongo likinyeshewa linateleza, likikauka lina mashimo ya kwato na mizizi, na goti bovu linachoshwa na vitu hivyo kuliko kilima chenyewe.

Halafu mwendo. Mtu mzima barabarani anatembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, lakini kwenye hifadhi na darubini shingoni na mtoto anayeuliza kila kitu weka kilomita moja na nusu kwa saa, na hapo mmejitahidi. Kilomita moja ya mbao itawala saa nzima na zaidi, kwenda kibandani na kurudi saa nyingine, kukaa kibandani nusu saa mpaka dakika arobaini. Jumla saa tatu hivi. Mzunguko wa kilomita 5 peke yake ungewala saa tatu na nusu bila kukaa popote, na mtoto wa miaka 7 kwenye tuta refu lisilobadilika anachoka akili kabla ya miguu.

Kwa hiyo chukua mfano maji yanajaa saa 5 na nusu asubuhi. Mshuke kwenye basi mida ya saa 3 na nusu. Anzeni na njia ya mbao wakati maji bado yanapanda, matope chini ya mikoko bado yako wazi na viumbe wake wako nje, saa 5 mnaelekea kibandani, mnakaa wakati ndege wanaingia, saa 7 mmeshamaliza. Mnaona mpangilio unavyokwenda, mikoko kwanza kibanda baadaye. Mkigeuza, mnakuta mikokoni maji yamefunika kila kitu na kibandani ndege bado hawajaja.

Njia ya mbao watu wanaidharau kwa sababu ni fupi, na wanaipita mbiombio. Mimi kama mgeni angeniambia nimchagulie moja tu ningempa hiyo. Ujanja ni kusimama. Chagua sehemu ambapo chini kuna tope wazi lenye vitundu, shikeni ubao wa pembeni, msiongee, msitembeze miguu maana mbao zinapeleka mtikisiko chini moja kwa moja. Mwanzoni hamna kitu. Baada ya dakika mbili tatu tundu moja linatoa macho mawili kwenye vijiti, halafu kaa anatoka nusu, anasubiri, anatoka mzima, na madume wana gando moja refu kuliko mwili wao, wanalipandisha na kulishusha juu juu kuita majike, na ghafla tope zima lina mikono inayopunga. Mtu mmoja akipiga chafya wote wamezama. Mtoto wako mpe kazi ya kuhesabu sekunde mpaka wa kwanza atoke tena, atatulia kuliko ulivyowahi kumuona. Kwenye nchi za joto kuna na wale samaki wanaotambaa juu ya tope kwa mapezi na kupanda mizizi, macho juu ya kichwa kama chura, mtoto akishamuona mmoja hutamtoa hapo.

Angalizo moja la mbao: zikiwa na ukungu wa kijani au umande wa asubuhi zinateleza vibaya, sehemu nyingi wanapigilia wavu wa waya juu ila sio zote na sio kila kipande. Mama atembee katikati, akishika ubao wa pembeni kama upo, na kama anatumia mkongojo aangalie ncha yake isiingie kwenye nafasi kati ya mbao.

Kibandani kuna adabu zake, chache tu. Mlango fungueni taratibu, shubaka, kile kidirisha cha kutazamia, lifungueni taratibu zaidi, na msitoe mkono wala simu nje ya shubaka kuonyesha "yule pale", ndege hajali kibanda lakini mkono unaotoka kwenye kibanda anaujali sana. Kundi likiruka mtu anasema wamependeza wakiruka, ni kweli, ila wale wanaosafiri mbali wako pale kujaza mafuta mwilini. Mwaka 2022 ndege mmoja wa kundi hilo, jamaa ya sululu mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Huyo hawezi kutua baharini akapumzika, anaishi kwa alichokula kwenye tope kabla ya kuondoka, na kila akirushwa bure anachoma akiba hiyo.

Sasa basi, maana hapa ndipo safari za bila gari zinapoharibikia. Kwanza, apu ya ramani ukiandika jina la hifadhi mara nyingi inakupeleka katikati ya hifadhi au kwenye mpaka wa karibu, sio getini. Unashuka kituo ambacho kwenye simu kinaonekana mita 300, kumbe kati yako na geti kuna mfereji na uzio na inabidi uzunguke barabarani kilomita 2 tena barabara haina njia ya waenda kwa miguu. Tafuta jina la geti, tafuta jina la kituo kwenye maelezo ya hifadhi wenyewe, linganisha hayo mawili. Hifadhi yenye mageti mawili hakikisha ni lipi lililo wazi siku hiyo. Pili, ukishuka usianze kutembea, angalia kwanza kituo cha kurudi kiko wapi. Kwenye barabara za pembezoni huenda hakina hata nguzo, ni kusimama upande wa pili na kunyoosha mkono, na kama basi linazunguka duara upande mmoja tu basi kituo cha kurudi ni hichohicho ulichoshukia na ukivuka barabara utalipungia likipita. Muulize dereva kabla hujashuka, swali la sekunde tano. Tatu, ratiba ya Jumamosi, ya Jumapili na ya sikukuu ni tofauti, na njia za kwenda sehemu za matembezi zingine zipo msimu fulani tu. Piga skrinshoti, mtandao kwenye mabwawa ni wa kubahatisha.

Na basi la saa 11 msilihesabu kabisa. Pangeni kurudi na la saa 8 au la saa 9, la saa 10 liwe la kuchelewa, la saa 11 liwe la dharura. Unayepanga na basi la mwisho unatembea siku nzima unaangalia saa, na likikosekana mko na mgonjwa wa magoti na mtoto barabarani giza linaingia.

Kingine cha kuangalia kabla ya kutoka nyumbani ni kama mnaruhusiwa kuingia. Kuna hifadhi zinaingiliwa na yeyote muda wowote geti likiwa wazi, Sungei Buloh ni ya hivyo na basi namba 925 kutoka stesheni ya Kranji ndilo watu wanalolizoea. Kuna nyingine kama Mai Po, basi linakushusha kijijini vizuri tu lakini ndani huingii bila kibali. Usisome kwamba "basi linafika" ukadhani umemaliza.

Mavazi nitapita haraka. Kwa mpango niliowapa viatu vya kawaida vilivyofunga mguu na soli yenye meno vinatosha, gambuti ni za kwenye tuta baada ya mvua, na gambuti ndefu ni mateso kwa mama. Soksi za akiba kwa kila mtu na mfuko wa plastiki wa kuwekea viatu vyenye tope, abiria wenzenu watawashukuru. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha maana kwenye tuta jua linapiga juu na linarudi kutoka kwenye maji. Mikono mirefu na suruali ndefu nyepesi kwa ajili ya mbu, dawa ya kupaka pakeni kabla ya kuingia mikokoni na sio mkishaanza kujikuna. Kwenye nyasi ndefu za nchi za baridi wasiwasi ni kupe, mkirudi mkagueni mtoto nyuma ya magoti na nyuma ya masikio. Kwenye maji baridi ya nchi za joto msimuache achezeshe miguu bwawani hata kidogo, kichocho kinaingia kupitia ngozi. Na kibao cha mamba mkikikuta kichukulieni kama kilivyo, Sungei Buloh mamba wa maji chumvi wapo kweli na watu wanatembea hapo kila siku salama kwa sababu hawashuki njiani.

Darubini, kama mtaazima au kununua moja, tafuteni iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia 10 kwa kudhani kubwa ni bora, ila 10 inakuza na mtetemeko wa mkono pia na eneo unaloliona linakuwa dogo, mama na mtoto watatafuta ndege mpaka wakate tamaa. Mkae kibanda ambacho jua liko mgongoni mwenu, asubuhi ni kile kinachotazama magharibi, jua likiwa mbele mtaona vivuli vyeusi tu na kila ndege atafanana na mwenzake.

Mnara sasa, maana najua utautamani ukiuona kwa mbali. Nenda siku nyingine peke yako au na mtu mwenye miguu. Ni kilomita 6 kwenda na kurudi, na njia za ukingoni mwa matope mara nyingi ziko chini, siku za bamvua maji yanapanda yanakata njia nyuma yako wakati wewe uko juu unafurahia. Yanajaa kwanza kwenye vijito, vilivyo kati yako na nchi kavu, kwa hiyo unaweza kuona mbele bado pakavu kumbe nyuma pameshajaa. Uliza getini kama njia hiyo inafunikwa na kwa maji ya urefu gani, linganisha na urefu ulioandikwa kwenye jedwali siku hiyo, na kama inafunikwa nenda siku za maji mafu au hakikisha umesharudi kwenye tuta saa mbili kabla ya kujaa. Radi ikianza kusikika usipande, na kama uko juu teremka.